Beethoven Ameniponza Hapa Tairi

Leo nimepatikana. Nyinyi tuliosoma pamoja chuo cha ualimu mnanijua, mimi si mtu wa kupatikana ovyo. Lakini leo nimepatikana mchana kweupe, mbele ya Chifu, mbele ya mke wangu, mbele ya kwaya yangu yote, soprano mpaka besi. Wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaambiwa na wengine. Hao wengine wataongeza chumvi, na hii kitu vile iko haihitaji chumvi.

Nianze na mahali. Ukiacha barabara kubwa ya Mombasa pale Salama, uingie ndani na barabara ya vumbi, unafika njia panda yenye poshomili ya kusaga mahindi, maduka matatu na kanisa letu. Pembeni kuna tairi ya lori imezikwa nusu. Hakuna anayejua ilitoka wapi wala lori lenyewe lilienda wapi na tairi zilizobaki. Kwa hivyo mahali panaitwa Tairi. Ndiyo, Tairi! Mtu mzima mwenye diploma anaulizwa, "Mwalimu, unakaa wapi?" Anajibu, "Tairi." Nimejibu hivyo miaka kumi na tisa, tangu nirudi kufundisha kwetu.

Na sisi Wakamba, kwa majina ya mahali, tuachwe tu. Mtu anajenga kibanda cha kuuza chai, mwezi ukiisha mahali pote ni Kwa Fulani. Fulani anakufa, kibanda kinaliwa na mchwa, jina linabaki. Kule Kitui kuna Kwa Vonza, soko zima, watu wanauza na kununua hapo kila siku ya Mungu. Simameni hapo muulize watu kumi kama wamewahi kumwona huyo Vonza. Watawaangalia kama mna homa. Lakini angalau wao walipata mtu! Sisi tulipewa jina na mpira uliotoboka.

Sasa, wiki mbili zilizopita Chifu akatangaza kanisani. Barabara inatengenezwa. Watu wa barabara wanataka jina la njia panda, liandikwe kwa bodi na liwekwe kwa ramani. Na wamesema wazi, hawataandika Tairi. Wananchi wakae baraza Jumatano, saa nne asubuhi, wachague jina la heshima.

Kwa ramani! Nilikuwa nimesimama mbele ya kwaya na mikono juu, na mikono ilibaki hapo hapo juu. Walidhani nawaambia washikilie noti. Waliishikilia mpaka mama mmoja wa alto akakohoa.

Niseme ukweli, kwa sababu leo kila mtu ameshaujua. Nililitaka hilo jina. Nililitaka mpaka chakula hakishuki. Mwakani nastaafu, sina shamba kubwa, sina duka, sina hata kibanda cha chai. Niko na nyimbo. Ule wimbo wangu wa "Inueni Mioyo" ulishika nambari moja kwa mashindano ya makanisa, na kuanzia hapa mpaka Kambu kwaya zote zinauimba. Chini ya kila fotokopi nimeandika kwa mkono wangu: Mtunzi, Mwl. Ndambuki. Nikafikiria nikifa, fotokopi itafungia mtu njugu. Lakini ramani haifungi njugu.

Shida ni moja. Huku kwetu mtu hajipi jina la mahali. Jina unapewa na watu, tena wakikupa unakataa mara mbili ndio ukubali. Ukijitaja mwenyewe, umekwisha. Kwa hivyo ilibidi nitumie akili (ile ninayoiona kwangu, wengine hawaioni).

Akili nikaipata kwa simu. Nilikuwa natafuta habari za watunzi wakubwa wa Ulaya, ili niwatishie waimbaji wangu wa tenor wanaodhani kuimba ni kupiga kelele. Nikakutana na ramani. Kule chini kabisa ya dunia, kwa barafu, kuna kisiwa kinaitwa Alexander. Na hicho kisiwa kimejaa majina ya watunzi! Kuna rasi ya Beethoven. Kuna barafu ya Bach na barafu ya Mozart. Kuna ghuba ya Verdi. Nikasoma mpaka bando ikaisha. Nikasema, Ndambuki, Mungu amekujibu. Nitawafundisha hawa watu kwamba ulimwengu uliostaarabika hauiti mahali Tairi, unaita kwa jina la mtunzi. Nikishamaliza nitanyamaza. Wenyewe watageuka waniangalie.

Nilikuwa na uhakika mpaka Jumatatu nikaenda Salama kwa fundi Kioko, yule wa kuchora mabango. Nikamwagiza bodi. Mbao nzuri, rangi nyeupe, herufi nyeusi, mpaka wa kijani. KWA MWL. NDAMBUKI. Chini yake, kwa herufi ndogo: MTUNZI. Nikamwambia, "Fundi, baraza ni saa nne. Saa sita tutakuwa tumeshapitisha. Wewe fika saa saba, hapo watu watakuwa wanakula." Nilitaka bodi itokee tu, kama muujiza. Wakiniuliza imetoka wapi, ningeangalia juu.

Basi, leo asubuhi nikavaa koti na tai. Mke wangu, Mama Mwende, alikuwa anachambua maharagwe. Akaniangalia kutoka viatu mpaka kichwa.

"Hiyo ni baraza ya tai?"

"Ni ya maendeleo," nikamwambia.

"Ndambuki. Usiende kujiongelesha huko."

Nikatoka. (Miaka ishirini na saba ya ndoa, na bado sijajifunza kwamba huyu mama akisema jina langu peke yake na kunyamaza kidogo, ni unabii.)

Saa nne kamili nilikuwa njia panda. Peke yangu. Mimi, tairi, na mbuzi wanne wa Chifu. Saa tano wakaja watu wa poshomili, wakauliza kama kuna mtu amekufa, kwa sababu ya tai yangu. Saa sita bado watu wanatokea mmoja mmoja, wamebeba viti vyao, wanasalimiana kama hawajaonana tangu gharika. Chifu alifika saa sita na robo, akasema tumeanza kwa wakati.

Hapo ndipo ningempigia Kioko simu achelewe. Sikupiga. Nilikuwa na kazi ya kudharau watu.

Na kazi ilikuwa nyingi! Maombi dakika ishirini. Kisha Chifu akaomba mapendekezo. Mtu wa kwanza: "Tairi Mpya." Wa pili, kijana mwenye duka la simu: "Dubai." Akapigiwa makofi, haki ya Mungu! Wa tatu akasema tuite Salama Ndogo. Wa nne akasimama, akasema anaunga mkono, akaulizwa anaunga mkono lipi, akakaa. Nikatikisa kichwa pole pole ili waone. Kisha nikainua mkono.

"Chifu, wazee, akina mama," nikaanza, na sauti nikaishusha mpaka kwa besi. "Ninasikitika. Dunia imetuacha. Mko hapa mnapendekeza Dubai, na wenzetu huko nje wanaita milima na ghuba kwa majina ya watunzi wa muziki!" Nikawapa Beethoven. Nikawapa Mozart, na Bach, na Verdi, mmoja baada ya mwingine, pole pole kama mtu anayepanga sahani za wageni. Watu wakanyamaza. Nilidhani ni heshima.

Kumbe walikuwa wanamngoja Susu Syombua amalize kushika uzi wake. Susu Syombua ni nyanya wa karibu kila mtu hapa. Hukaa juu ya ile tairi kila siku akisuka kiondo, na hata baraza haikumhamisha. Akauliza bila kuinua macho.

"Mwalimu, huyo Beethoven ni wa ukoo gani?"

Watu wakageuka kuniangalia. "Susu, hana ukoo. Ni Mjerumani."

"Pole yake. Na huko kwa barafu alikuwa na duka?"

"Hapana, Susu."

"Mbuzi?"

"Hapana."

"Lakini alifika."

"Hakuwahi kufika, Susu. Ni heshima tu walimpa."

Akavuta uzi. "Nani anakaa huko?"

"Hakuna mtu anakaa. Ni barafu. Labda ndege fulani, pengwini."

"Woi!" Sasa akainua macho. "Kwa hivyo nikipotea huko, nitamwuliza nani njia ya kwa Beethoven? Ndege?"

Wueh. Kicheko kile! Chifu mwenyewe alifunika uso na kofia. Mwenye duka la simu alianguka kutoka kwa kiti chake (kiti cha kuazima, kikavunjika mguu, na nikafurahi). Nilingoja wanyamaze. Nikasema moyoni, watacheka, lakini kwa ramani hakuna kicheko.

"Sawa," nikasema. "Chekeni. Lakini maana yangu ni hii. Kule hawakuwa na mtunzi, ikabidi waazime. Je, sisi hapa hatuna mtunzi wetu?"

Nikanyamaza. Nikaangalia chini kwa unyenyekevu, kwa viatu vyangu.

"Nani?" mtu mmoja wa nyuma akauliza. Akauliza kweli, hakuwa na utani! Mtu wa tenor yangu, nimemfundisha miaka sita!

Nikaona hawa watu wanahitaji kusukumwa. Nikasema, "Wacha tuimbe kidogo, akili zifunguke. Ule wimbo mnaoupenda wote." Nikatoa sauti, nikainua mikono. Inueni mioyo, inueni!

Wakaitikia. Lakini hawakuitikia vile ninafundisha. Kwanza mwendo ulikuwa wa haraka. Kisha makofi yakaingia, ya akina mama wazee, pale ambapo mimi sijaandika makofi. Kisha wakasimama. Wakainama na kuinuka, wakainama na kuinuka, na maneno hayakuwa "mioyo" tena. Walikuwa wanaimba kwa Kikamba, inueni majembe, inueni, mchanga uje, maji yaje. Baraza nzima ya watu wazima inalima hewa! Mimi niko mbele napunga mikono kama mtu anayefukuza nyuki, na hakuna anayeniangalia.

Wimbo ukaisha kwa vigelegele. Sasa mtu mwenye akili angeketi. Mimi nikauliza.

"Na wimbo huu mtamu, ulitungwa na nani?"

"Syombua!"

Si mmoja. Wote! Wale wazee kwa sauti moja, tena kwa pamoja kabisa, vile kwaya yangu haijawahi kuingia tangu niianzishe.

Nikasema pengine wamechanganya. Hawakuwa wamechanganya. Mama mmoja mzee akaeleza mbele ya wote. Zamani, akina mama walipokuwa wakijenga ule ukuta wa kuzuia mchanga mtoni, ndio maji yakae chini ya huo mchanga wakati wa kiangazi, Syombua ndiye alikuwa anaanzisha wimbo, wengine wanainua majembe kwa pamoja. Wimbo ni wake. Aliutunga hapo hapo mtoni, na mawe kichwani. Na maji tunayokunywa mpaka leo yanatoka hapo.

Ninaapa, mimi nilidhani wimbo ulinijia. Ulinijia nikioga! Nilitoka bafuni na sabuni masikioni nikaandika. Nilimwambia mchungaji ni Roho. Akanishika mkono akalia.

Susu Syombua akaniangalia, na hakuwa na hasira. Hiyo ndiyo ilinimaliza.

"Mwalimu, wewe si ndiye ulikuwa unalia sana mgongoni mwa mama yako pale mtoni? Mama yako anachimba, wewe unalia. Mimi nikaimba kwa nguvu ndio usisikike."

Watu hawakucheka hapo. Ningependa wangecheka.

Chifu akakohoa. "Lakini Mwalimu, zile fotokopi zinasema mtunzi ni wewe."

Jamani, hapo kulikuwa na mlango. Ningesema, Susu nisamehe, sikujua, nikae chini, mambo yaishe. Badala yake nikafanya nini? Nikatoa kitambaa, nikafuta paji la uso, nikasema, na hii watanisomea kwa mazishi yangu:

"Chifu, mimi ni mtumishi tu. Sijawahi kutafuta sifa. Sijawahi hata siku moja kutamani jina langu liandikwe mahali."

Ngrrrrr! Pikipiki.

Ilikuwa saa saba kamili. Nchi hii yote, kutoka Chifu mpaka mvua, hakuna kitu kinafika kwa saa, isipokuwa fundi Kioko. Alikuja kwa vumbi, amekaa nyuma ya mwenye boda, amekumbatia bodi mbele ya kifua chake kama mtu aliyevaa ubao. Imemfunika kutoka kidevu mpaka magoti. Herufi nyeusi, mpaka wa kijani. Nilikuwa nimelipia herufi zionekane mbali. Zilionekana mbali.

"Mwalimu!" akapaza sauti kabla hata injini haijazimwa. "Nimefika saa saba vile ulisema! Nichimbe wapi?"

Na jembe alikuwa nalo.

Chifu akainuka, akavaa miwani, akasoma kwa sauti kana kwamba ni barua ya serikali. "Kwa. Mwalimu. Ndambuki." Akainama kidogo. "Mtunzi."

Akavua miwani. "Mwalimu, kizuri chajiuza."

Hakumalizia. Hakuhitaji, kwa sababu baraza nzima ilimalizia kwa pamoja: "Kibaya chajitembeza!"

Hapo sasa wakacheka. Mama wa alto alicheka mpaka akashikwa na kwikwi. Mwenye duka la simu alikuwa anapiga picha, na hizo mnazoziona zinazunguka, yule wa tai ndiye mimi. Nikamtafuta Mama Mwende kwa macho. Alikuwa amesimama nyuma na mfuko wake wa maharagwe, hacheki. Alikuwa anatikisa kichwa pole pole, vile mimi nilikuwa nawatikisia wa Dubai.

Kura ilipigwa kwa mikono. Chifu akasema, na alisema akiniangalia, kwamba Mwalimu ametufundisha vizuri, mahali paitwe kwa mtunzi. Na huyu wetu alifika. Anaishi hapa. Mbuzi anao. Na mtu akipotea, huyu wetu yuko hapa hapa juu ya tairi, ataulizwa. Nani anapitisha Kwa Syombua?

Mikono yote ikapanda. Hata wangu. (Mkono wangu ulipanda wa kwanza. Nilikuwa nimebaki na ujanja huo mmoja tu.) Susu Syombua alikataa mara mbili, vile inatakiwa, kisha akakubali.

Fundi Kioko akauliza afute bodi? Mimi nikasema futa, haraka, tafadhali. Susu akasema, "Usifute. Rangi ya mtu ni jasho lake. Geuza, andika nyuma." Nilidhani ananihurumia, mpaka nikaona macho yake yanacheka.

Kwa hivyo bodi imesimama. Upande wa barabara, KWA SYOMBUA. Upande wa pili, unaoangalia ua wa mkonge wa Chifu, niko mimi. Watu wa barabara wamemwambia Chifu kwa simu ramani itafuata upande wa mbele.

Jioni nilimpelekea Susu fotokopi mpya, nimeandika jina lake chini. Hajui kusoma, akaigeuza geuza, akasema, "Sasa nifundishe hiyo ya mioyo, Jumapili niimbe na nyinyi." Anaingia soprano. Hakuna aliyethubutu kumwambia ana miaka themanini.

Nikarudi nyumbani kupitia nyuma ya bodi. Mbuzi wanne wa Chifu walikuwa wamesimama chini yake, wanaliangalia jina langu huku wanatafuna. Nikamkumbuka Beethoven huko kwa barafu na ndege zake. Msinicheke, wenzangu, hatimaye mimi na yeye tumelingana.